Nyumba Ikiuzwa, Njia Inapata Nini?

Mtu akiuza nyumba yake katika Ufaransa, mnunuzi analipa bei, tena analipa kodi juu ya bei hiyo. Kodi ile inakwenda wapi? Tutafuata safari yake, kwa maana ina fundisho kwa kila nchi inayotafuta fedha ya kutengeneza njia na madaraja.

Mwanzo wake ni wa zamani. Mwaka 1703 mfalme Louis XIV alikuwa katika vita kubwa, na hazina yake ilikauka. Akatoa amri kwamba kila shamba au nyumba ikihama kutoka mkono huu hata mkono mwingine, sehemu moja katika mia ya bei ni yake. Kijiji ilimotoka fedha hakikuahidiwa kitu. Kisha yakaja Mapinduzi. Sheria ya Desemba 1790 ilifuta kodi za mfalme za namna hiyo, ikaweka ushuru mpya wa kuandikisha mapatano. Jina lilibadilika, lakini kwa muda mrefu sehemu kubwa ya fedha iliendelea kupanda Paris.

Mageuzi yalikuja mwaka 1982. Gaston Defferre, waziri wa mambo ya ndani na meya wa Marseille, alipitisha sheria ya kuyapa mabaraza ya departementi na ya komine uwezo wa kujitawala. Mwaka 1983 sheria nyingine ikagawa kazi. Basi, kumpa mtu kazi bila kumpa fedha ni kumtwika mzigo tu. Kwa hiyo tangu mwaka 1984 serikali iliziachia departementi ushuru wa nyumba na mashamba yanayouzwa.

Tutoe mfano. Nyumba ya zamani inauzwa euro 100,000, mahali ambapo departementi inatoza 4.50%. Departementi inapata 4,500, komine inapata 1,200, na serikali kuu inapata karibu 107 tu kwa taabu ya kukusanya. Komine ndogo, zenye watu chini ya 5,000, kwa kawaida hazipati moja kwa moja. Sehemu yao inaingia katika mfuko mmoja wa departementi, nayo inagawanywa kwa kutazama idadi ya watu, juhudi yao ya kulipa kodi, na fedha wanayotumia kwa majengo na vyombo vya wote. Hivi hata kijiji kisichouza nyumba mwaka mzima kinaweza kupata kitu cha kutengenezea njia yake.

Lakini kodi hii ina udhaifu wake. Watu wasiponunua, mfuko unapungua. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2008 na 2009, na tena mwaka 2023, ilipoanguka kwa zaidi ya sehemu moja katika tano. Njia haingoji bei ya nyumba ipande. Mvua inaiharibu kila mwaka. Tena Paris nyumba ni ghali na zinauzwa nyingi, lakini departementi ya mashamba kama Creuse inapata kidogo. Kwa sababu hiyo mwaka 2011 ulianzishwa mfuko wa nchi nzima, ambamo wenye nyingi wanatoa na wenye chache wanapokea.

Nasi katika Kongo? Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 175, inasema kwamba 40% ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na inakatwa pale pale inapokusanywa. Kifungu cha 181 kinaweka sanduku la kusawazisha majimbo, lenye 10% ya mapato, kwa kazi za ujenzi. Maneno ni mazuri. Lakini kwa miaka mingi fedha zilipanda kwanza Kinshasa, na majimbo yakalia kwamba sehemu iliyorudi si ile iliyoandikwa.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Anayengoja kurudishiwa hawezi kuagiza saruji, wala kumwahidi fundi mshahara wa mwezi ujao. Tena mkulima mwenye akili hali mavuno yote ya mwaka mwema, bali anajaza ghala. Sehemu ya jimbo ikatwe mahali inapokusanywa, na akiba iwekwe mwaka wa neema, ili daraja likivunjika mwaka wa shida, watu wasikae ng'ambo na mihogo yao ikioza.