Kujulia Hali na Kuuguza: Suala la Muda katika Kujitolea kwa Watoto Wagonjwa

Kiswahili kinatenga mambo mawili ambayo mijadala ya kujitolea huyachanganya. Kumjulia hali mgonjwa ni kwenda, kuketi kidogo, kuacha ulichobeba na kuaga. Kumuuguza ni kubaki naye. Kitenzi hiki kimetokana na kuugua na kimevaa umbo la kusababisha, ingawa anayeuguza hasababishi ugonjwa wowote: anaingia katika ugonjwa wa mwenzake na kukaa humo hadi uishe. Ninadai kwamba kujitolea kwa watoto wenye maradhi mazito kupimwe kwa kitenzi hiki cha pili, na kwamba shirika la hisani linalomhesabu mtu wa wiki mbili sawa na mtu wa miaka miwili linakosea.

Tuanze na maradhi yenyewe. Leukemia ya limfoblasti, saratani inayowapata watoto wengi, hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu. Limfoma ya Burkitt, ambayo daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 baada ya kuwaona watoto wenye uvimbe wa taya Kampala, hutibiwa kwa miezi. Lakini hata miezi hiyo ni mirefu kwa mama aliyetoka Kigoma hadi Dar es Salaam akiwaacha wengine nyumbani msimu wa kupanda. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, ilhali katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Ugonjwa hugunduliwa umechelewa, dawa hukosekana, na matibabu hukatishwa njiani.

Hilo la mwisho ndilo linalonishughulisha. Uvimbe ukishapungua na mtoto akianza kucheza, safari nyingine ya hospitali huonekana gharama isiyo na sababu. Nauli haipo, baba anauliza maswali, jirani ana mganga wake. Kliniki inaona tu kwamba jina limeitwa na hakuna aliyeitika. Anayeweza kujua sababu ni yule aliyempakata mtoto mama akienda kuoga, wiki baada ya wiki, hadi mama akamwambia kwamba ng'ombe wa mwisho ameshauzwa. Maneno hayo hayasemwi kwa mgeni. Na kwa kuwa umaskini ni mojawapo ya sababu hizo, ninaona busara katika utaratibu wa Tumaini la Maisha, shirika linalofanya kazi katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, wa kuunganisha tiba isiyolipiwa na malazi ya familia kutoka mikoani.

Kuna upande wa mtoto pia. Mwaka 1952 James Robertson, aliyefanya kazi na daktari wa akili John Bowlby, alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa siku nane katika hospitali ya Uingereza, wakati wazazi waliporuhusiwa saa chache tu za kutazama wagonjwa. Ilisaidia kufundisha kwamba mtoto aliyenyamaza huenda amekata tamaa tu. Wodi zetu zina neema ambayo Uingereza ya wakati ule haikuwa nayo: mama hulala na mwanawe. Basi mtu wa kujitolea asitafute kuwa mama wa pili. Kazi yake ni kumuuguza anayeuguza.

Wapo wanaosema, na wana haki, kwamba kujitolea kwa muda mrefu ni anasa ya wenye nacho, na kwamba huisaidia serikali kukwepa kuajiri. Kuhusu ajira sina ubishi: dripu na dawa ni za wauguzi wenye mafunzo na mshahara. Kuhusu anasa, Hospice Africa Uganda, shirika la tiba shufaa lililoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, imewatumia watu wa kujitolea katika jamii zao wenyewe. Mtu wa jirani, mwenye siku moja maalumu kila wiki na nauli mkononi, hudumu kuliko anayekodi chumba kwa mwezi.

Gharama isiyoandikwa kwenye bajeti ni vifo. Aliyekaa miaka miwili atakwenda kwenye matanga ya mtoto aliyemfundisha kuhesabu, na Jumatatu atampokea mwingine kitandani palepale. Shirika lisilomketisha chini na kumsikiliza baada ya kila msiba litampoteza, na pamoja naye yote aliyoambiwa na akina mama.