UConn ya Thabeet: Kombe Lilivyotufumba Macho

Wadau, kuna timu ukiipenda inakufundisha adabu. Mimi niko Mbuba, Ngara. Huku mpira ni wa miguu, watu wananuniana kwa sababu ya Simba na Yanga. Ukisema unashabikia kikapu cha chuo cha Marekani wanakuangalia kama umepotea njia. Ila aliyeniingiza huko ni Mtanzania mwenzetu, Hasheem Thabeet.

Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, alianza kikapu akiwa na miaka kama 15 hivi. Mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, wenyewe wanakiita UConn. Kocha alikuwa Jim Calhoun, mzee aliyeichukua timu mwaka 1986 ikiwa ya kawaida tu, akaipa ubingwa wa vyuo mwaka 1999 na 2004. Machi 2009 walicheza na Syracuse mechi iliyokwenda nyongeza 6, wakalala 127-117. Wiki chache baadaye wakatolewa na Michigan State kwenye nusu fainali ya taifa. Juni, Thabeet akachaguliwa wa 2 kuingia NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Mtanzania wa kwanza kufika kule!

Mimi hayo yote niliyakuta kwenye video za zamani. Nikashika timu, na timu ikanitesa.

Msimu wa 2016/17 walishinda 16, wakapoteza 17. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka 30 kupoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Uliofuata ukawa mbaya zaidi: 14 kwa 18. Nilikuwa nachoma bando saa tisa usiku kuangalia watu wanafungwa. Asubuhi macho mekundu, na wa kukulilia naye hakuna.

Wote tulimtupia lawama kocha Kevin Ollie. Machi 2018 akafukuzwa, akaja Dan Hurley. Tukashangilia. Msimu wake wa kwanza? 16 kwa 17 tena! Hapo ndo nikaanza kujiuliza kama kweli shida ilikuwa mtu mmoja.

Nikarudi nyuma kusoma. Kumbe nyumba ilipata nyufa mwaka 2013. Mwaka huo UConn walizuiwa kucheza mashindano ya taifa kwa sababu matokeo ya darasani ya wachezaji wao wa miaka ya nyuma yalikuwa mabovu. Mwaka huohuo ligi yao, Big East, ikagawanyika. Vyuo vilikuwa vinafuata pesa za televisheni za ule mpira wa Kimarekani wa kuvaa kofia ngumu. Syracuse akaenda kwake, Georgetown akaenda kwake, UConn wakabaki kwenye ligi mpya isiyo na watani wao wa jadi. Kijana mwenye kipaji anataka kucheza mechi kubwa. Mechi kubwa zikipungua, unamshawishi na nini?

Sasa kwa nini hatukuona? Kwa sababu 2014 Ollie huyohuyo alibeba ubingwa. Nani atakagua nyufa siku ya harusi? Kombe lilitufumba macho, na tulipokuja kuyafumbua tukamuona kocha peke yake.

Julai 2020 UConn wakarudi Big East. Mwaka 2023 wakachukua ubingwa, 2024 wakarudia. Hurley ni kocha mzuri, simnyimi haki yake. Lakini ni yuleyule wa 16 kwa 17. Alichoongezewa ni muda, na ligi ya kuwavutia vijana.

Thabeet alikuwa ameshaondoka muda mrefu, ila ndiye aliyenifanya nikae mpaka mwisho. Kwa hiyo wewe ambaye timu yako inashuka, kabla hujamtukana kocha, rudi mwaka mliobeba kombe. Angalia ni kitu gani kilikuwa kinavunjika wakati nyie mnacheza ngoma.