Mjukuu Naye ni Mfiwa

Kufa, kufia, kufiwa. Kwa viambishi viwili tu, kifo kinamwacha marehemu na kumshukia aliyebaki. Aliyefiwa ni mfiwa, na kisarufi neno hilo halina umri. Matangani, hata hivyo, lina umri: wafiwa hukaa mkekani wakapewa mkono na pole, mjukuu akatumwa vikombe.

Ndiyo maana nikifungua hadithi ya watoto inayohusu kifo cha babu au bibi, hutafuta kwanza mwandishi ametumia kitenzi gani. Tuna stara nyingi: ametutoka, ameaga dunia, ametangulia, amefariki. Mtu mzima huelewa. Mtoto wa miaka mitano huuliza ametangulia wapi, na sisi tunamfuata lini. Swali halali kabisa.

Mmarekani Tomie dePaola hakuzunguka katika kitabu chake cha picha cha mwaka 1973, Nana Upstairs & Nana Downstairs. Tommy, mwenye miaka minne, anaambiwa na mama yake kwamba mama wa bibi yake, kikongwe wa miaka 94, amekufa. Anauliza kufa ni nini. Mama anajibu kwamba hatakuwepo tena. Mtoto anakimbilia chumbani, anakuta kitanda kitupu. Ningekitafsiri, nisingethubutu kuandika “amefariki”. Kuuliza kufariki ni nini ni kuuliza msamiati. Kuuliza kufa ni nini ni jambo jingine.

Neno la pili linalonisumbua ni upweke, ambalo siku hizi linabandikwa kila mahali. Mpweke hana mwenzake. Lakini nyumba ya msiba imefurika watu hadi uani, shangazi wamelala sebuleni, na mtoto halali peke yake hata usiku mmoja. Alichonacho ni ukiwa. Bibi ndiye aliyekuwa akimwita “mume wangu” na kumtania kwamba mahari bado hajamaliza. Sasa katika umati wote ule hakuna mwenye haki ya utani huo. Shangazi hawezi kuurithi.

Wahariri watasema ukiwa ni neno gumu, tena litachanganywa na “ukiwa na njaa”. Hilo la pili muktadha utalimaliza. Kuhusu ugumu, watoto hawahawa tunawakaririsha usanisinuru.