Mia na Tisa na Mjapani

Ubishi huu ulianzia nyumbani kwetu, Ngokolo, Shinyanga mjini. Mdogo wangu ni dereva huko Geita, anaendesha Land Cruiser. Kaja likizo, kaitazama Land Rover 109 ya marehemu baba chini ya mwembe, akasema: "Kaka, hili si gari tena, ni chuma chakavu. Mnunuzi yupo, anapima kwa kilo." Nikagoma. Akaniambia nilete hoja, siyo machozi. Haya, ndugu msomaji, hoja ni hizi.

Land Rover ilizinduliwa mwaka 1948, miaka minane baada ya Mkanada John Williamson kugundua almasi ya Mwadui. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, kwa hiyo ikawa gari la bwana shamba, la polisi na la misheni. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Series III, kama ya baba, iliundwa kuanzia 1971 hadi 1985. Injini yake ya petroli ina silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, na nguvu za farasi kama 70 hivi.

Land Cruiser ya familia ya 40 ilitoka mwaka 1960 ikakoma 1984. Injini yake ya petroli, ile F, ina silinda sita, sentimita za ujazo 3,878, na farasi 125 kwenye karatasi za kiwanda. Hapo mzee wetu kapigwa bao la mapema. Kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaoganda tairini masika, farasi 55 za ziada si mchezo.

Lakini Mjapani naye ana kiu ya petroli. Na bodi yake ni ya chuma, inaliwa na kutu. Ya 109 ni ya alumini, ingawa chasisi yake ni chuma vilevile.

Hoja niliyoitegemea zaidi ni ya baba, aliyekuwa fundi. Ekseli ya nyuma ya 109 ikikatika ndani, unaunganisha gia ya magurudumu ya mbele, unafika. Shafti yenyewe unaichomoa kwa kufungua boliti za kwenye kikombe cha gurudumu, bila hata jeki. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni na spea zilipoadimika, ujuzi huo ulikuwa mkate wetu.

Nilipomaliza, mdogo wangu akauliza swali moja tu: "Kwa nini baba alijua sana kubadilisha ekseli?"

Nikanyamaza. Ekseli ya 109 za mwanzo ilijulikana kwa udhaifu, ndiyo maana za miaka ya 70 zilipewa nzito zaidi. Dereva aliye peke yake usiku kati ya Kahama na Geita hatafuti gari linalotengenezeka; anatafuta lisiloharibika. Mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, jibu la barabara lilikuwa limeshatoka.

Basi nakubali, Mjapani kashinda. Ila ada yangu ya shule ilitoka mikononi mwa fundi, na mizani ya chuma chakavu haipimi hilo. Mnunuzi kaja jana na mizani yake. Nimemwambia arudi baada ya mavuno. Mdogo wangu kacheka, kisha kaingia chini ya gari kuangalia chasisi.