Wazee wetu walipoulizwa: Zaire na Tanzania, 1990 hadi 1992



Mdahalo wetu wa Jumamosi ulivunjika na wote mnajua ulivunjikia wapi. Mtu mmoja alimwambia mwenzake kwamba hana haki ya kuchangia kwa sababu "wewe sio Mkongo wa kweli". Tangu siku ile wengine wanasema tuache kabisa hii midahalo, tubaki na mpira na kwaya, eti mkimbizi hana ruhusa ya kuongea siasa. Hilo la ruhusa nitalifikia. Kwanza nataka tuangalie miaka mitatu ambayo karibu wote hapa tulikuwa bado hatujazaliwa, maana neno lile la Jumamosi halikuanzia kwetu.

Mwaka 1990 nchi yetu ilikuwa inaitwa Zaire. Chama kilikuwa kimoja tu, MPR, tena kwa sheria kila Mzaire alikuwa mwanachama. Hukuombwa wala hukuulizwa, umezaliwa basi umeshaingia. Desemba 1989 rafiki yake Mobutu, Nicolae Ceaușescu wa Romania, alipinduliwa na akapigwa risasi. Januari 1990 Mobutu akatangaza kwamba anazunguka nchi kuwauliza wananchi wanaonaje. Watu wakaandika. Barua na maandiko zaidi ya 6,000 zilifika, kutoka kwa wafanyakazi wa serikali, maaskofu, wanafunzi na watu wa kawaida, na sehemu kubwa ilidai mabadiliko makubwa. Wengine walimwambia wazi kwamba yeye mwenyewe ndiye shida. Fikiria mtu ametawala tangu 1965, halafu anauliza "mnanionaje?" na watu wanamjibu kweli.

Tarehe 24 Aprili 1990, pale N'Sele nje ya Kinshasa, akasema chama kimoja kimekwisha. Machozi yalimtoka mbele ya kamera. Wiki chache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei, wanafunzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi walishambuliwa na kuuawa ndani ya kampasi yao. Hadi leo hakuna hesabu ya waliokufa ambayo watu wote wanakubaliana nayo. Kwa hiyo mlango ulifunguliwa huku mtu amesimama nyuma yake na kisu.

Pamoja na hayo, watu walianza kusema. Kinshasa yakatokea yale waliyoyaita "parlement debout", yaani bunge la kusimama. Muuza magazeti anatandika au kutundika magazeti yake kando ya barabara, mtu hana hela ya kununua, anasoma vichwa vya habari, na mwenzake pembeni anaanza kubisha. Baada ya dakika kumi wamekuwa ishirini. Hakuna kiti, hakuna posho ya kikao, hakuna karatasi ya kusaini (hapa watu wa mashirika watanisamehe). Wengi wao walikuwa upande wa upinzani, siwezi kusema hawakuwa na chama. Lakini aliyetaka kubisha alisikilizwa, kama ana hoja.

Halafu tarehe 7 Agosti 1991 ukafunguliwa Mkutano Mkuu wa Taifa, ambao sisi tunaujua kama CNS au konferansi, pale Palais du Peuple. Wajumbe walikuwa zaidi ya 2,800. Benin walikuwa wameshafanya wa kwao Februari 1990 kwa siku kumi hivi, ukaisha na nchi ikasonga mbele. Wa kwetu ulichukua mwaka mzima na miezi minne. Ugomvi wa kwanza haukuwa kuhusu katiba, ulikuwa kuhusu viti na nani anaongoza. Vyama vilikuwa vinazaliwa kila siku, vingine vimepewa pesa na serikali ili vijaze ukumbi. Ofisi ya muda iliyoendesha vikao ilionekana na wapinzani kama mtumishi wa raisi, na kelele zikawa nyingi kuliko hoja. Septemba 1991 wanajeshi ambao mishahara yao ilikuwa haina thamani tena walianza kupora Kinshasa, raia nao wakafuata, mkutano ukasimama.

Kilichobadilisha hali ni mwenyekiti. Desemba 1991 wajumbe wakamchagua Laurent Monsengwo, askofu mkuu wa Kisangani. Hakuwa na chama. Sisemi kwamba alikuwa malaika, kuna wanaomlaumu na nitasema kwa nini. Ila pande zote mbili ziliweza kukaa chini yake. Tarehe 19 Januari 1992 waziri mkuu Nguza Karl-i-Bond akausimamisha mkutano. Jumapili ya tarehe 16 Februari waumini walitoka makanisani Kinshasa wakiwa na biblia na rozari, wakidai ufunguliwe tena. Wanajeshi wakawapiga risasi na makumi ya watu wakafa. Nikisoma hapo huwa nasimama kidogo. Watu hawa hawakuwa wanadai mkate wala mshahara. Walikuwa wanadai kikao kiendelee.

Na kikaendelea, mwezi wa Aprili. Sehemu kubwa ya vikao ilirushwa moja kwa moja kwenye redio na televisheni. Mzee mmoja jirani yangu, aliyekuwa mwalimu upande wa Fizi, anasema jioni walikuwa wanazunguka redio moja ya betri. Ukumbini walikuwa wanaongea Kifaransa, yeye anatafsiri kwa Kiswahili, na wakati mwingine watu wanamkatalia tafsiri yake. Kwa mara ya kwanza, anasema, walisikia mtu anataja kwa sauti vitu ambavyo walikuwa wanavisema ndani ya nyumba tu, tena kwa kunong'ona. Agosti 1992 wajumbe wakampigia kura Étienne Tshisekedi awe waziri mkuu. Tarehe 6 Desemba 1992 mkutano ukafungwa. Taarifa mbili zilizongojwa kuliko zote, ile ya mali zilizoibiwa na ile ya mauaji, hazikusomwa mbele ya mkutano mzima. Hapo ndipo wengi wanamlaumu Monsengwo. Walimuona amewaogopa wakubwa, wengine wanasema aliogopa damu. Mobutu hakuikubali serikali ile, na mwaka 1993 nchi ikawa na mawaziri wakuu wawili.

Sasa tuvuke ziwa.

Miezi ileile, upande huu wa Tanganyika, nao walikuwa wanaulizana. Februari 1990 Mwalimu Nyerere, ambaye ndiye aliyejenga mfumo wa chama kimoja, alisema kujadili vyama vingi sio dhambi. Mwaka 1991 Raisi Mwinyi akaunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, yenye wajumbe kutoka Bara na Zanzibar. Tume ikazunguka mikoani na kufanya mikutano ya hadhara. Mkulima anasimama, anataja jina lake, anasema anachotaka, inaandikwa, anakaa. Wengine walileta maoni kwa maandishi. Zaidi ya watu 36,000 walitoa maoni yao.

Matokeo yake ndiyo ninayoyapenda katika historia hii yote. Karibu watu 80 katika kila 100 walisema chama kimoja kiendelee. Waliotaka vyama vingi walikuwa kama 20 tu. Unategemea tume iseme basi, wengi wameshinda, tufunge faili. Lakini waliangalia pia sababu watu walizozitoa. Wengi kati ya wale 80 walikuwa wanataka chama kilekile lakini kibadilike, na wengi walikuwa na hofu ya vita na ukabila, maana walikuwa wanaona majirani. Tume ikapendekeza vyama vingi viruhusiwe, ikataja sheria 40 ambazo zinabana watu na zinafaa kurekebishwa au kufutwa, na ikasema wananchi wafundishwe kwanza demokrasia ni nini. Chama tawala kikakubali, katiba ikarekebishwa mwaka 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi baada ya hapo ukafanyika 1995. Zile sheria 40 si zote zilizofanyiwa kazi, na Watanzania wenyewe bado wanalalamika juu yake. Kwa hiyo msije mkafikiri nasema huku kulikuwa peponi.

Ukiziweka nchi hizi mbili pamoja unashangaa. Zaire wengi walitaka mabadiliko na mtawala akawazuia kwa miaka. Tanzania wengi walisema tubaki, na wakubwa wakaamua kusikiliza wachache. Mwenzangu mmoja nilipomwambia hivi aliuliza, "Sasa hapo demokrasia iko wapi, kama wengi hawakufuatwa?" Swali zuri, sikuweza kulimaliza. Jibu langu ni kwamba tume haikuwa uchaguzi. Ilikuwa ni kusikiliza, na mtu anayesikiliza vizuri anasikia pia kwa nini umesema ulichosema. Huyo mwenzangu hakuridhika.

Nirudi kwa lile neno la Jumamosi. Pale Palais du Peuple, pamoja na viti vyote 2,800 na zaidi, kuna watu walikataliwa kiti. Wawakilishi wa watu wa Kivu wanaozungumza Kinyarwanda walizuiwa kuingia kama wajumbe, kwa hoja kwamba uraia wao una maswali. Sheria ya 1972 ilikuwa imewapa wengi wao uraia, sheria ya 1981 ikaja kuuondoa, na swali lile likabaki linaning'inia. Mkutano ulioitwa wa taifa zima ulianza kwa kuamua nani sio wa taifa, bila wao kuwemo ndani kujibu. Katanga nako, Agosti 1992, baada ya Tshisekedi kuchaguliwa, watu wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa kwenye nyumba zao, wengine walikuwa wamezaliwa palepale. Machi 1993 mauaji ya kikabila yakaanza Walikale na Masisi. Sisemi mkutano ndio uliyaleta, mambo yalikuwa mengi, ardhi ikiwemo. Nasema tu kwamba watu ambao hawakupewa nafasi ya kujibu ukumbini ndio walewale waliokuja kujibiwa na mapanga. Na sisi, wa pande zote, tuko hapa kwenye foleni moja ya mgao.

Kuhusu ruhusa. Mimi sio mwanasheria, nimemaliza sekondari tu. Lakini mkataba wa OAU wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi, kifungu cha 3, unapatikana na nimeusoma. Unamtaka mkimbizi afuate sheria za nchi iliyompokea na asifanye uchochezi dhidi ya nchi mwanachama, na unataja mashambulizi ya silaha, ya magazeti na ya redio. Hili tuliheshimu, sio la kuchezea, na ndiyo maana huwezi kuniona nachangisha watu kwa ajili ya chama chochote cha nyumbani. Ila kukaa chini ya mwembe na kusoma historia ya 1992, au kubishana kama kamati ya maji ichaguliwe kwa kura ya siri au kwa kunyoosha mikono, sioni ni nchi gani inashambuliwa hapo. Kama mfanyakazi wa ulinzi wa wakimbizi anaona tofauti, aje atueleze, tutamsikiliza.

Kwa hiyo hili ndilo pendekezo langu kwa kikao cha kamati. Mdahalo urudi Jumamosi ya pili baada ya mgao, saa tisa, palepale. Mwenyekiti asiwe mimi wala yule ndugu tuliyegombana naye, nimeshaongea na mama mmoja wa ushonaji na amekubali, ana sauti na hana upande. Anayesema aandikwe alichosema na sababu yake, kama walivyofanya watu wa Nyalali. Mada iwe ya hapahapa kwanza, ya maji. Na yule kijana aliyeambiwa sio Mkongo wa kweli, nimeenda kwao mara mbili nikamkuta hayupo. Kama kuna anayekaa naye blok moja amwambie nafasi ya kwanza ya kuongea ni ya kwake.