Fizikia ya Mpemba, na jina lililokosekana kwenye muswada wangu

Najua nimeadimika. Sikuwa safarini wala sikuugua, nilikuwa napambana na muswada. Kwa miezi minne nimeandika juu ya mafundi waliokuwa wakipanga herufi za risasi kwenye mitambo ya magazeti ya zamani hapa Dar. Nikapunguza maneno, nikaandika ikisiri, nikapanga marejeo kwa mtindo wanaoutaka, nikautuma kwa jarida moja la kitaaluma.

Wiki iliyopita mhariri kanirudishia pamoja na maoni ya wahakiki wawili. Wa kwanza kalalamikia marejeo, hilo nalimudu. Wa pili kauliza swali lililoninyima usingizi: hizi kurasa sita za katikati, zinazoeleza kazi ilivyofanyika hatua kwa hatua, ni ujuzi wa nani?

Ni ujuzi wa mzee mmoja mstaafu wa Temeke. Alinieleza, alinichorea kwenye daftari, tena rasimu yangu aliisoma mara mbili akanisahihisha. Nami nikamshukuru mwishoni kwa maneno haya: "na wazee wote walionisaidia". Jina lake halimo.

Kwanza nilikasirika, sitaficha. Nikajifariji kwamba hata Einstein aliwahi kununa. Mwaka 1936 yeye na Nathan Rosen walipeleka makala kwa jarida la Physical Review, mhariri akampa mtaalamu mwingine aisome, naye akaona kasoro. Einstein akaja juu, akaiondoa makala yake. Lakini ilipochapishwa kwingine mwaka 1937, hitimisho lilikuwa limebadilishwa. Mhakiki alikuwa sahihi! Basi faraja yangu ikaishia hapo, nikaanza kufikiria makala nyingine, iliyotoka hapa hapa kwetu.

Tuanzie mwaka 1963, Shule ya Sekondari Magamba. Erasto Mpemba yuko kidato cha 3. Wanafunzi walikuwa na kawaida ya kutengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Nafasi ndani ya friji zilikuwa za kugombania. Siku hiyo Mpemba akaona mwenzake anaweka maziwa yasiyochemshwa kabisa, naye akihofia kukosa nafasi akayaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu akakuta ya kwake yameganda, ya mwenzake bado ni uji uji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye akakutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga, ambaye naye alikuwa akiweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Wauza aiskrimu walikuwa wanajua!

Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Ikawa utani wa darasa zima. Akikosea hesabu, hiyo ni hesabu ya Mpemba. Wewe na mimi, baada ya wiki moja ya utani wa namna hiyo, tungenyamaza. Yeye akaingia maabara ya baiolojia na bikari mbili, akajaribu mwenyewe.

Kisha akaja mgeni shuleni, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akanyoosha mkono: ukichukua maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, ujazo ule ule, ukayaweka pamoja kwenye friji, yale ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda. Kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kwamba akirudi chuoni atajaribu. Na alijaribu kweli. Msaidizi wake wa maabara akaleta taarifa kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, na kwamba watarudia mpaka wapate jibu sahihi! Walirudia, jibu likawa lile lile.

Sasa angalia muswada ulivyoandaliwa, maana hapa ndipo nilipopata somo langu. Osborne angeweza kuandika peke yake, na mwishoni akamshukuru "mwanafunzi mmoja wa Iringa". Nani angemuuliza? Badala yake, mwaka 1969 jarida la Physics Education la Uingereza likachapisha makala yenye kichwa cha neno moja, "Cool?", na waandishi wawili: Mpemba kwanza, Osborne wa pili. Sehemu ya kwanza ni Mpemba mwenyewe akisimulia kwa nafsi ya kwanza, aiskrimu, mwalimu, kicheko na yote. Sehemu ya pili ni Osborne na vipimo: kwamba maji yanayopotea kwa mvuke ni machache mno kutosha kueleza tofauti ile, na kwamba tabaka la mafuta juu ya maji huchelewesha sana kuganda. Kila mmoja kaandika alichokijua.

Kumbuka majarida haya yalianzia wapi. Henry Oldenburg alipoanzisha Philosophical Transactions kule London mwaka 1665, kwa fedha zake mwenyewe, kazi yake mojawapo ilikuwa kuweka kumbukumbu ya nani amegundua nini na lini. Asiyeandikwa anasahaulika. Aristotle aliligusia jambo hili la maji ya moto zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, lakini leo dunia inaliita athari ya Mpemba, kwa sababu ya jina lile juu ya makala ya 1969.

Na mjadala haujafungwa. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwenye maji. Mwaka 2020 wengine kule Kanada wakaonyesha athari hiyo kwa chembe ndogo sana zilizo ndani ya maji. Wote wanabishana wakilitaja jina la kijana wa Magamba.

Jana nikaenda Temeke na muswada. Nikamwambia mzee nataka jina lake likae juu pamoja na langu, la kwake kwanza. Akavaa miwani. "Mwanangu, mimi darasa la saba, watakubali?" Nikamwambia sijui, tutajaribu. Akanyamaza kidogo, akaomba kalamu, akafungua ukurasa wa 11. "Kama jina langu linakaa hapa," akasema, "basi hapa umekosea, tuparekebishe."

Tumerekebisha sehemu tatu. Ijumaa tunautuma tena. Nawe unayeandaa tasnifu au makala, hebu fungua ukurasa wako wa shukrani uusome polepole.

Tuonane wiki ijayo.