Reli ya shaba na mtoto mgongoni (Sehemu ya 4)

Mama zangu wa Mwanjelwa, mmoja wenu ameniuliza: "Sista, nampeleka mtoto Dar akamwone bibi yake. Nasikia TAZARA watu wanabanana sana. Nipande treni au basi?" Swali zuri, ila jibu lina historia yake. Kaeni niwasimulie.

Reli yetu haikujengwa kwa ajili ya abiria. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na shaba ya Zambia iliyokuwa ikipita huko kwenda baharini ikakosa njia ya uhakika. Mwalimu Nyerere na Kaunda wakapata msaada China, mkataba ukasainiwa Beijing Septemba 1967. Ujenzi ukaanza 1970, na Julai 1976 reli ikakabidhiwa: kilomita 1,860, Dar hadi Kapiri Mposhi. Ilipangwa kubeba mzigo. Wewe na mtoto wako mgongoni hamkuwa wa kwanza kufikiriwa.

Lakini watu waliingia wenyewe. Kati ya Mlimba na Makambako, kwenye milima na mahandaki, kwa miaka mingi treni ndiyo ilikuwa barabara yao. Huku kwetu, Igurusi na Rujewa wakapakia mchele, na pale kituo cha Mbeya, upande wa Iyunga, wakapanda akina mama na viazi na ndizi zao. Sasa angalia kubanana kunatoka wapi: treni ni chache kwa wiki, vituo vidogo inasimama muda mfupi, ngazi ya behewa iko juu, na kila mtu ana gunia. Hata watu 40 tu, wakigombea mlango mmoja, ni fujo.

Dar nako waliyaona hayo. Tarehe 29 Oktoba 2012 zilianza treni za mjini, wakati Waziri wa Uchukuzi akiwa Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, jirani yetu kabisa. Ndiyo maana watu waliziita "treni ya Mwakyembe". Moja ilitoka kituo cha TAZARA hadi Mwakanga, nyingine Stesheni hadi Ubungo Maziwa. Hazikuweza kupita reli moja, kwa sababu ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067 na ile ya zamani 1,000. Zilitembea asubuhi na jioni, saa zile zile ambazo wafanyakazi, wanafunzi na wauza mboga wote wako njiani. Foleni ya barabarani waliikwepa, ila mlangoni walikutana wote.

Kwa nini nesi anaongea habari za reli? Kwa sababu matokeo ya kubanana yananifikia zamu. Siku moja mama alishuka kwenye haisi iliyojaa akaja mbio. Mtoto alikuwa kafungwa blanketi na vitenge viwili, kalowa jasho, kalegea. Tukapima malaria, hana. Tukamfungua, tukampepea, akanyonya, halafu akalia kwa nguvu. Jamani, kilio kile kilikuwa kitamu!

Kwa hiyo mwanangu, jibu langu ni hili: panda treni, ila jipange. Ukiweza, kata daraja la pili, utapata kitanda, na vyumba vya wanawake ni mbali na vya wanaume. Nenda kituoni mapema siku kadhaa kabla, uulize siku ya safari na saa.

Siku yenyewe, mlangoni, mhamishe mtoto kutoka mgongoni aje kifuani. Mgongoni humwoni, na watu wanamgandamiza. Uso wake uwe wazi, kidevu kisilale kifuani, pua uione. Toa blanketi kabla ya kuingia kwenye umati. Mbeya kuna baridi, lakini katikati ya watu ni joto. Waache wanaoshuka washuke. Mzigo mpe mwenzio, mtoto ubaki naye wewe.

Na ninyi akina baba mnaosoma kimya kimya: mkimwona mama na kichanga mlangoni, simameni pembeni apite. Reli ilipangwa kwa ajili ya shaba. Hiyo nafasi ya mama tutaipanga sisi.

Sehemu ya 5: maji na chakula cha mtoto safarini.